Je, Nitie Saini Ombi la Sindano Isiyosajiliwa?

SWALI

Shikamoo Bibi. Huu ni mwaka wa 6 nina maumivu yanayoanzia kiunoni, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye kisigino cha kushoto. Nimepasuliwa mgongo, nimemeza vidonge vya kila rangi, na bado usiku siwezi kugeuka kitandani bila kushika ukuta. Katika kundi letu la wagonjwa unazunguka waraka unaoitaka serikali iidhinishe mara moja sindano ya mgongo ambayo haijasajiliwa. Wenzangu wawili wamedungwa, na mmoja wao ameacha fimbo. Nimeombwa nitie saini na niandike ushuhuda. Mume wangu hataki. Nifanyeje? Na kwa nini serikali inatubania dawa huku inatuona tunateseka?

Mama Kisigino

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi niketi niisome tena, kwa sababu na mimi nimelala na maumivu ya namna hiyo. Baada ya kustaafu uuguzi nilishikwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, lakini moto ulibaki mbavuni kwa miezi 14. Nguo ikinigusa tu, machozi yananitoka. Siku zile mtu angeniletea karatasi yoyote yenye neno nafuu, ningeitia saini kabla sijafika mstari wa pili.

Kwa hiyo sikukatazi kusaini. Ninachokuomba ni usisaini waraka huo kama ulivyoandikwa.

Waulize kwanza wanaouzungusha: nani amepeleka maombi ya usajili? Mamlaka ya dawa haizunguki ikitafuta dawa za kuidhinisha. Mtengenezaji ndiye hupeleka jalada lenye maelezo ya jinsi dawa inavyotengenezwa, ilivyojaribiwa kwa wanyama na kisha kwa watu, nani alipata nafuu na nani alidhurika. Kama jalada hilo halijapelekwa, saini laki moja hazina pa kutua. Huenda mnaupigia kelele mlango ambao hakuna aliyewahi kuubisha. Anayepaswa kuulizwa basi ni yule anayewadunga watu sindano hiyo: kwa nini hajaipeleka ipimwe?

Sasa nije kwa wenzako wawili. Naamini kabisa kwamba wanajisikia nafuu. Lakini ngoja nikusimulie habari ya daftari langu. Kila usiku nilikuwa naandika maumivu yangu kwa namba, 0 hadi 10. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema sana, akaniletea mafuta ya kuchua. Siku ya 9 nilishuka kutoka 8 hadi 4. Nililia kwa furaha, nikaandika ushuhuda wa kurasa mbili ili wengine nao wayapate. Kabla sijautuma, nikafungua daftari nyuma. Nikakuta nimeshawahi kushuka hivyo hivyo mara mbili, kabla ya mafuta yale, bila dawa yoyote mpya. Maumivu sugu yana kupwa na kujaa. Nasi huikimbilia dawa mpya maji yakiwa yamejaa kabisa, kisha yakipwa, tunaishukuru dawa. Ule ushuhuda niliuchana, na iliniuma.

Hata wataalamu hukutana na jambo hilo. Kuna kidonge kinachoitwa suzetrigine, kisicho cha jamii ya afyuni, ambacho Marekani ilikiidhinisha Januari 2025 kwa maumivu makali ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Kilijaribiwa pia kwa maumivu kama yako, ya neva kutoka kiunoni hadi mguuni. Waliokimeza walishuka kwa wastani wa pointi 2.02 kati ya 10. Waliomeza kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, walishuka pointi 1.98. Zitazame hizo namba, mwanangu. Wale wa kidonge kitupu hawakuwa waongo. Walipata nafuu kweli. Lakini kama wangehesabiwa peke yao, kila mmoja angeweza kuandika ushuhuda mzuri sana kuhusu kitu kisicho na dawa.

Kuna linalonitia hofu zaidi ya hilo, nalo ni dawa inayotuliza kweli huku inaharibu. Dawa ya sindano iitwayo tanezumab ilikuwa ya maumivu ya viungo vilivyochakaa, na wagonjwa wengi ilikuwa inawapunguzia. Mwaka 2010 majaribio ya dawa za aina hiyo yalisimamishwa Marekani, kwa sababu viungo vya baadhi ya wagonjwa vilikuwa vinaharibika haraka hadi kuhitaji kubadilishwa. Baadaye yakaendelea, na Machi 2021 jopo la washauri likapiga kura: 19 walisema manufaa yake hayazidi hatari, hata kwa masharti ya usalama yaliyopendekezwa. Mmoja tu alikuwa upande wa pili. Kabla mwaka haujaisha, watengenezaji wakaiacha. Fikiria kama ushuhuda wa waliopata nafuu mwezi wa kwanza ndio ungeamua.

Umesema serikali inawabania. Sitaitetea kwa kila kitu. Ucheleweshaji upo, na mgonjwa wa maumivu husikilizwa mwisho kwa sababu maumivu hayaonekani kwenye picha. Ndiyo maana namheshimu mgonjwa anayepaza sauti. Oktoba 1988 wanaharakati wa UKIMWI walizingira makao ya mamlaka ya dawa ya Marekani huko Rockville, Maryland, wakidai dawa ziwafikie upesi. Walikuwa wanakufa. Lakini hawakuja na hasira peke yake. Walikuwa wameshasoma jinsi majaribio yanavyoendeshwa, wakadai wagonjwa wawe na kauli ndani yake, na wakaipata. Mwaka 1992 ikaanzishwa njia ya kuidhinisha mapema dawa za magonjwa hatari. Baadaye baadhi yao ndio waliokuwa wakali zaidi kudai majaribio bora, kwa kuwa walichoka kumeza dawa wasizojua kama zinafanya kazi.

Basi wapelekee wenzako waraka mwingine. Daini sindano ijaribiwe waziwazi, na wagonjwa wafuatiliwe muda mrefu. Matokeo yote yatolewe, mazuri na mabaya. Kama majaribio yapo, daini utaratibu wa matumizi ya huruma, yaani kupewa dawa kabla haijasajiliwa, kwa walio taabani, chini ya daktari anayeandika kila kinachotokea. Huo nitausaini nawe.

Na ushuhuda andika, tafadhali. Usiandike habari za sindano, maana hujadungwa. Andika ule ukuta unaoushika usiku. Andika umeacha kazi gani, unaweza kusimama dakika ngapi, dawa zipi zimekushinda na kila moja ilikufanya nini. Wanaopima dawa wanahitaji kujua nafuu ya namna gani ingekutosha: kulala, kutembea, au kumbeba mtoto. Hilo hakuna mtaalamu anayeweza kuwaambia kwa niaba yako.

Mume wako msomee waraka huo mpya kabla hujaupeleka. Vidonge unavyotumia sasa usivikatishe bila kumwambia daktari wako. Na leo usiku anza daftari, 0 hadi 10, hata kama hakuna dawa mpya ya kupima.