Kipimo chako kitoke maabara kimfikie mgonjwa

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili kipimo chako cha kifua kikuu, kinachofanya vizuri maabarani, kiwafikie wagonjwa wa nchi maskini. Kabla ya kuandika makala nyingine, nenda ukakae wiki kadhaa kwenye zahanati kitakapotumika. Angalia nani atakishika, umeme hukatika mara ngapi, na mtoto asiyeweza kutoa makohozi atapimwaje. Hilo la watoto lisikuponyoke, maana ndio husahaulika.

Fikiria maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuhara. Miaka ya 1960 wanasayansi walikwisha kujua kwamba glukosi, ambayo ni aina ya sukari, husaidia utumbo kufyonza sodiamu iliyo kwenye chumvi. Ila mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu wa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Kilichookoa watu ni kwamba mama yeyote aliweza kushika kikombe.

Kamati ya maadili, inayoidhinisha utafiti kwa watu, na wizara ya afya uwaone mapema. Mkataba wa leseni, yaani wa kuiruhusu kampuni itengeneze kipimo chako, usiusaini kabla bei ya nchi maskini haijaandikwa humo.