Mkuu, Jumamosi usitoke: changarawe ya Helsinki mwezi Machi

Usiende. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukiona maandishi marefu utaruka mpaka mwisho.

Umeandika kwamba baiskeli umeshapata, jua limetoka, theluji imebaki vichochoroni tu, na Jumamosi hii ya mwisho wa Machi unataka kuanzia ghuba ya Töölönlahti, ukate msitu wa Keskuspuisto wote mpaka mashamba ya Haltiala, kisha ushuke na mto Vantaanjoki hadi unapoingia baharini. Zaidi ya kilomita 20 za changarawe bila kusikia honi. Ukauliza pia ununue tairi gani, bajeti iwe euro ngapi, na kama shemeji yetu ambaye hajashika usukani tangu shule ya msingi ataweza kuja. Mkuu, njia ni hiyohiyo iliyoniangusha mimi, mwezi huohuo, na jua lilikuwa hilohilo. Nilivyosoma tu, kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kuniuma.

Mimi nimekulia Ifakara. Kwetu mtoto anaendesha baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo kabla hajafikia siti. Tope la bonde la Kilombero nimelisukumia Phoenix yenye gunia la mpunga kwenye karia. Kwa hiyo kaka mmoja wa hapa Helsinki (simtaji, anajijua, na pampu yangu bado anayo) aliponiambia "Machi ya huku ni kama masika yetu tu, tope kidogo," niliona ananieleza mambo ninayoyajua. Tope? Mimi? Nikacheka.

Tope la masika lina pa kwenda. Mvua ikikatika maji yanazama, jua linakausha juu, siku ya tatu unapita. Huku ardhi imeganda majira yote ya baridi. Machi ikifika, jua linayeyusha vidole vichache vya juu, na chini yake bado ni barafu ngumu kama sakafu ya saruji. Maji hayazami. Yanakaa palepale yanakorogana na changarawe mpaka panakuwa uji. Wafini wana neno kabisa la kipindi hiki, kelirikko, yaani njia kuvunjika, na barabara zao za changarawe za mashambani huwekewa kikomo cha uzito ili malori yasizimalize. Malori yanazuiwa. Mimi nikaingia na tairi za milimita 28, nyembamba kama kidole gumba, tena laini zisizo na meno, kwa sababu muuzaji wa dukani aliniangalia machoni akasema baiskeli hii ni ya misimu yote. Misimu yote ya wapi, ndugu yangu? Ya Zanzibar?

Ila watu nimewasamehe kidogo. Kilichonimaliza ni asubuhi.

Nilitoka saa mbili, nyuzi nne chini ya sifuri. Usiku ule uji wote ulikuwa umeganda tena, na njia ilikuwa ngumu kama lami. Nilipita Laakso, nikapita Maunula, nikafika Paloheinä nikiimba. Hakuna gari. Kulikuwa na kigogota anagonga mti na mabibi wawili wenye fimbo za kutembelea. Nikampigia kaka yule simu ya video nimwonyeshe. Haltiala nikatoa chupa ya chai, nikaketi kwenye benchi kutazama mashamba, nikajipongeza. Nikaketi mpaka saa saba ikakaribia, mkuu. Hilo ndilo kosa langu, na kila mtu ninayemsimulia anafikiri kosa lilikuwa kuendesha. Wakati mimi nakunywa chai ya tangawizi, jua lilikuwa linapika uji.

Saa saba nikaanza kushuka na mto. Mita mia za kwanza nikahisi baiskeli nzito, nikadhani nina pancha. Nikateremka, nikabonyeza tairi, upepo umejaa. Nikapanda tena. Mbele kidogo gurudumu la mbele likazama mpaka rimu na mimi nikabaki nimesimama wima juu ya pedali kama sanamu. Nikashuka kusukuma. Na tope lile si lile jeusi la kwetu linaloteleza. Lina vijiwe ndani. Linashika tairi, linapanda nalo, linajaa kwenye uma na kwenye breki mpaka gurudumu halizunguki tena, na kila ukilazimisha unasikia rangi ya fremu inasagwa. Nikachokoa kwa kijiti. Nikapanda tena, kwa hasira sasa, nikakanyaga kwa nguvu zote. Kile kikono cha gia kinachoning'inia nyuma kilikuwa kimejaa tope, mnyororo ukakwama, kikono kikavutwa juu kikaingia katikati ya spoku. Krraa! Ile sauti ninaisikia mpaka leo nikivunja kuni za sauna.

Hapo akatokea mzee na mbwa wake. Nimeishi jengo moja na majirani wa Kifini miaka mitatu, na ndani ya lifti sote tunasoma tangazo la ukaguzi wa lifti ili tusisalimiane. Mzee huyu alisimama. Akatazama baiskeli, akatazama mfereji mrefu niliouchimba katikati ya njia yao, akaniambia taratibu kwamba mfereji ule utakauka hivyohivyo na watu watajikwaa nao mpaka kiangazi. Kisha akaondoka. Ningependa angenitukana.

Nikasema basi, nirudi nikakate msituni Paloheinä nitafute basi. Sasa sikia hili, maana kwenye ramani halipo. Wakati wa baridi sehemu kubwa ya njia hizi hugeuzwa latu, njia za kuteleza kwa ski kwenye theluji. Mashine inashindilia theluji wiki baada ya wiki, na Paloheinä wanaongeza hata theluji ya kutengenezwa. Theluji ya pembeni ikishaisha, ile iliyoshindiliwa inabaki, hasa kwenye kivuli cha misonobari, utepe mrefu wa barafu wenye maji juu yake. Mimi nilishuka kwenye uji nikaona pakavu panang'aa, nikashukuru Mungu, nikapanda na baiskeli begani. Hatua mbili. Ya tatu sikuipiga.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulipasuka. Hogo wiki sita. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ghalani kwa mkataba wa kuitwa wakikuhitaji, na mtu mwenye hogo hahitajiki, kwa hiyo wiki sita zile sikuingiza hata senti. Fundi akanitajia euro 340 za kikono, mnyororo, spoku na kile kipande cha aluminiamu kinachoshikilia kikono kwenye fremu. Ifakara, fundi wa chini ya mwembe angenyoosha kwa nyundo, akafunga waya, akaniambia "lete buku mbili tukimaliza." Nikitoa mfano huo hapa wananiangalia kwa huruma.

Ninayo kanuni moja tu, mkuu, na imenigharimu wiki sita: KISIGINO KABLA YA GURUDUMU. Fika unapotaka kuendesha, chagua mahali palipopigwa na jua, saa sita mchana au baadaye, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Kikizama, au maji yakichomoza pembeni ya kiatu, geuza. Usijaribu asubuhi, asubuhi kila kitu ni kigumu. Usijaribu kwenye lami ya maegesho. Na usijaribu hatua kumi za mwanzo tu, nenda mpaka msituni ukakanyage na huko.

Programu ya simu itakwambia njia ipo, imepakwa rangi nzuri, kilomita kadhaa, dakika kadhaa. Rangi ni ileile Januari na Julai. Yangu ilinipa hata nyota za waliopita na picha ya mama mmoja anatabasamu na kikapu cha maua mbele. Maua! Ningetazama maua peke yake ningejua picha ni ya Juni.

Najua utasema utapita basi kwenye njia za lami, kama ile Baana ya katikati ya mji waliyoitengeneza 2012 kwenye mtaro wa reli ya zamani ya bandari. Pita, salama. Ila Machi na Aprili lami yote bado imemwagiwa sepeli, kokoto za kupasuliwa za kuzuia watu kuteleza, na zile zina ncha. Beba tyubu mbili na viraka mpaka wazifagie.

Changarawe yenyewe isubiri mpaka Mei, kisigino kikikubali. Hapo mwanzo mzuri ni huohuo wa Keskuspuisto mpaka Haltiala, na kushuka na mto mpaka maporomoko ya Vanhankaupunginkoski, pale mji ulipoanzishwa 1550. Kwa kuwa unakaa Otaniemi, Rantaraitti inapita karibu na mlango wako, njia ya pwani ya Espoo, mji jirani, fuata bahari upande wa magharibi kadiri miguu inavyotaka, ukichoka metro inakungoja Matinkylä au Kivenlahti. Lami na changarawe zinapokezana. Tatizo lake ni bukini wenye mashavu meupe: wanajaa kwenye nyasi za ufukweni, wananya kila mahali, na Juni wakiwa na vifaranga wanakufuata wakifoka kama kondakta aliyedhulumiwa nauli. Mashariki kuna Uutela, nyuma ya Vuosaari, fupi lakini tamu. Hifadhi ya taifa ya Nuuksio iache kwanza, kule baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zilizowekewa alama ya baiskeli tu, na milima yake si ya mtu anayejifunza. Ukitoka popote penye majani marefu jikague kupe.

Narudia, maana nakujua hata kama sikujui: utaamka Jumamosi, utaona jua, utagusa njia ya mbele ya nyumba saa mbili asubuhi, utasema "mbona ngumu." Ni ngumu ndiyo. Kanyaga saa saba.

Au fanya hivi. Jumamosi saa sita mchana nitakuwa kibanda cha kahawa cha Maunula. Baiskeli iache nyumbani, vaa buti za mvua, mlete na shemeji. Tutatembea mpaka mtoni Haltiala nikuonyeshe ule mfereji wangu. Nilipita wiki iliyopita, bado unaonekana.