Nabuni lugha iliyokufa, sarufi nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naandika hadithi ya watu wa kale ambao lugha yao imeshapotea, yamebaki maandishi kwenye mawe tu. Nataka lugha yenyewe niibuni iwe na sarufi ya kweli, sio maneno ya kuokoteza. Nianzie wapi? Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu, swali zuri sana hili. Kabla hujabuni kitu kachungulie Kisumeri, lugha ya Iraki ya kusini ya zamani ambayo haina ndugu hata mmoja anayejulikana. Inaunganisha viambishi kama sisi, yaani kitenzi kinabeba mzigo kama "nimekupikia" vile, ila kinakaa mwisho wa sentensi. Kikubwa sasa ni mtenda: "lugal" ni mfalme, akienda tu anabaki lugal, ila akijenga nyumba anapachikwa -e, "lugale e mundu", mfalme alijenga nyumba (hiyo "e" ya katikati ndiyo nyumba), halafu hiyo nyumba iliyojengwa haipachikwi kitu, sawasawa na mfalme aliyeenda. Lugha ya hivyo wanaiita ya ergativu. Ngeli ni mbili tu, watu na visivyo watu, mwanaume na mwanamke haiwatenganishi kabisa.

Na usisahau lugha ikifa huwa inaacha masalia kwa majirani. "E-gal", nyumba kubwa, iliingia Kiakadi, lugha ya majirani zao wa zamani, ikawa ekallu, ikapita Kiebrania na Kiarabu, leo sisi tunasema hekalu! Kwa hiyo lugha yako nayo ipe majirani walioazima neno mojamoja.