Anayeongoza Utafiti wa Moto wa Nyika Hubaki Mwanasayansi?

SWALI: Ninasoma shahada ya jiografia, mwaka wa tatu, na ninavutiwa na utafiti wa moto wa misitu na nyika unaofanywa kwa setilaiti. Mhadhiri wetu husema kwamba anayefikia ngazi ya kuuongoza utafiti huo huiacha sayansi na kubaki na vikao na bajeti. Je, ni kweli? Nami nijiandae vipi?

JIBU: Kuhusu vikao, mhadhiri wako hakukosea. Ni vingi, na maombi ya fedha na taarifa za maendeleo huja juu yake. Tunatofautiana naye pale anapodhani kwamba maamuzi ya vikao hivyo yanaweza kufanywa na mtu aliyeiacha sayansi.

Tazama ramani ya vidoa vyekundu inayoonyesha moto duniani. Kihisi cha MODIS, kilichomo katika setilaiti za Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya mwaka 2002, hutambua moto kwa pikseli, yaani vipande vidogo vinavyounda picha, zenye upana wa takriban kilomita 1, ilhali VIIRS, kilichopelekwa angani mara ya kwanza mwaka 2011, hufikia mita 375. Kidoa hakimaanishi kwamba pikseli nzima inaungua, bali kwamba mahali fulani ndani yake kuna joto lililojitokeza katika mawimbi ya karibu mikrometa 4, ambamo moto hung'aa kuliko ardhi inayouzunguka. Wingu zito likitanda, au moto ukiwaka na kuzimika kabla setilaiti haijapita tena, ramani hubaki tupu.

Sasa aje mtu na grafu iliyounganisha vidoa vya vihisi hivyo viwili, akitangaza kwamba moto umeongezeka maradufu. Huenda kilichoongezeka ni ukali wa jicho tu, na kiongozi asiyeligundua hilo ataidhinisha uongo bila kukusudia. Kwa maoni yangu, kuizuia grafu hiyo isitoke ni kazi kubwa ya kisayansi kuliko kuichora.

Wanaoyahitaji matokeo nao hawafanani. Kikosi cha zimamoto kinataka kujua moto uko wapi saa hii, hata kwa makadirio, lakini anayekokotoa hewa ukaa iliyotoka katika miaka 20 yuko tayari kusubiri, mradi eneo lililoungua lipimwe kwa njia ileile mwaka hadi mwaka. Huyu wa pili hufaidika na picha za setilaiti za Landsat au Sentinel-2 za kabla na baada ya moto, zinazolinganisha aina mbili za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: infraredi ya karibu, ambayo majani mabichi huiakisi kwa wingi, na infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo ardhi iliyoungua huiakisi zaidi. Fedha zikiwa chache, kiongozi ndiye anayeamua nani ahudumiwe kwanza.

Kwa maandalizi, soma fizikia ya mnururisho, takwimu na uandishi wa programu. Usiidharau ikolojia, kwani katika savana moto ni sehemu ya maisha ya nyasi, na si kila kidoa ni janga. Uongozi kwa kawaida huja baada ya shahada ya uzamivu na miaka kadhaa ndani ya miradi ya wengine, lakini picha za Landsat zinapatikana bure tangu mwaka 2008. Chagua eneo moja lililoungua unaloweza kulifikia, lichoree mipaka kwa picha hizo, kisha nenda ukaitembelee mipaka hiyo kwa miguu.