CK 612 na magunia ya Mwaloni

Karatasi ya maabara ilikuwa na alama ya nyota kwenye mstari mmoja tu: CK 612. Kikomo kilichochapwa pembeni yake, 190. Kijana aliyenisomea, kwenye zahanati moja hapa Mwanza, alikunja uso akasema misuli yangu inayeyuka kwa sababu ya dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), niiache leo leo. Nikaiacha. Wiki tano nilipanda mawe ya Mabatini kwenda nyumbani taratibu kama mtu aliyebeba trei la mayai.

CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli na kuurudishia msuli nguvu haraka unapotumika. Seli za msuli zikiumia, iwe ni kwa uvimbe wa misuli wenyewe, dawa au kazi ngumu, kinamwagikia kwenye damu. Ndiyo maana ukilalamika mapaja yanauma huku unatumia dawa ya lehemu, daktari anakipima.

Aliyenitoa hofu ni daktari mmoja, mama mtu mzima. Karatasi hata hakuigusa kwanza. "Baba, unafanya kazi gani?" Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. "Na siku mbili kabla ya kutoa damu?" Hapo ndipo nikakumbuka. Wabebaji walichelewa, lori la Kahama linanguruma, nikapakia magunia mwenyewe, mimi wa miaka 52. Usiku mgongo ukagoma, nikachomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako. Alicheka mpaka akavua miwani. Kazi ambayo mwili haujaizoea hupandisha CK kwa siku kadhaa, na sindano ya kwenye msuli nayo inachangia.

"Halafu," akasema, "hiyo 190 haikupimwa kwa watu kama wewe."

Hapa nilikaa vizuri kwenye kiti. Wanaume huwa na CK ya juu kuliko wanawake. Na watu weusi, wakiwa wazima kabisa, huwa na CK ya juu kuliko Wazungu. Kwa wanaume kikomo chetu kinaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya chao. Jambo hilo lilionekana hata Amsterdam, Uholanzi, kwa watu wenye asili ya Afrika waliotoka Suriname, Amerika Kusini, na ukubwa wa misuli peke yake haukutosha kulieleza. Ila usidhani kila kitu kwetu kiko juu. Kipo kimeng'enya kingine, Lp-PLA2, kinachosafiri na lehemu mbaya na kuhusishwa na uvimbe wa kuta za mishipa ya damu. Nacho ni kingi kwa wanaume kuliko wanawake, lakini huko Marekani weusi walionekana kuwa nacho kidogo kuliko weupe. (Na neno "weusi" lenyewe ni kapu kubwa: Msukuma, Mkerewe na Mhaya wote ndani!)

Nilipumzika wiki moja, bila magunia wala sindano, nikapima tena: 347. Nikarudishiwa dawa yangu.

Kwa hiyo ukipewa karatasi yenye nyota, mweleze daktari kazi uliyofanya wiki ile, sindano na dawa zote, za miti shamba zikiwemo. Muulize kikomo hicho ni cha mwanaume au mwanamke, na kilitokana na watu gani. 612 yangu ingekuwa ya dada yangu, ingestahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Dawa usiiache kwa kauli ya mtu mmoja kama nilivyofanya mimi. Lehemu haikunisubiri wiki zile tano.

Ila mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, au mikono ikishindwa kuinuka kuchana nywele, achana na habari za vikomo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli ikivunjika kwa wingi figo ndizo zinazolipa.

Pale Mwaloni vijana wameshajua. Nikisogelea gunia tu, wanapiga kelele: "Mzee, una kipimo lini?"