Umebaki na ngome na askari dhidi ya malkia: ujiuzulu au utafute sare?

Mleta mada, umeuliza kama kuna maana yoyote ya kuendelea kucheza sataranji ukiwa umebaki na mfalme kwenye kona, ngome moja na askari mmoja wa a6 (safu ya a, mstari wa 6), huku mwenzako ana malkia na askari wawili. Wachangiaji wengi hapo juu wamekuambia ujiuzulu kwa heshima. Mimi nasema usijiuzulu bado, lakini pia usiendelee kusukuma kete ukingoja muujiza. Stelimeti, yaani sare ya kukosa mwendo halali bila mfalme kushambuliwa, hutengenezwa, na kazi yake huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza niliweke wazi hili, kwa sababu wengi wetu tulianzia kwenye drafti za kijiweni. Kule, ukikosa pa kusogea umefungwa, basi, unampisha anayefuata. Kwenye sataranji, ikiwa ni zamu yako, mfalme wako hajapewa cheki (hashambuliwi), na huna mwendo wowote halali wa kete yoyote, mchezo ni sare palepale, hata kama mwenzako ana malkia watatu. Haikuwa hivyo siku zote wala kila mahali. Waingereza kwa muda mrefu, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, walimhesabu aliyesababisha hali hiyo kuwa ndiye aliyeshindwa. Leo ni nusu pointi kwa kila mmoja.

Sasa angalia masharti yenyewe. Huna mwendo wa kete YOYOTE. Wanaotafuta stelimeti huwa wanamwangalia mfalme peke yake, wanafurahi kwamba amebanwa, halafu wanasahau askari mmoja pembeni kabisa mwa ubao ambaye bado ana hatua mbili za kwenda. Huyo askari ndiye anayewaua. Kwa hiyo swali la kwanza ukiwa umezidiwa si "mfalme wangu ajifiche wapi?" bali "ni kete zangu zipi bado zinatembea, na nitazinyamazishaje?" Askari wako wa a6, kama mwenzako ana askari a4, msogeze a5 leo hii. Wakigongana vichwa, wote wawili wamekwama. Inabaki ngome tu, na ngome inajua kujitoa yenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ni mchezo wa Larry Evans na Samuel Reshevsky kwenye ubingwa wa Marekani wa 1963/64, mashindano yale ambayo Bobby Fischer alishinda michezo yote 11. Evans alikuwa na kete nyeupe na alikuwa amekwisha. Watu wakisimulia mchezo huu huruka moja kwa moja kwenye fataki za mwisho: malkia mweupe anajitoa g8 kwa cheki, mfalme anamla, ngome inakula g7 kwa cheki, na ukiila ngome kwa mfalme au kwa malkia, ni stelimeti. Usipoila, inaendelea kukupa cheki bila kuchoka. Ni kweli inapendeza. Lakini mimi mwendo ninaouvulia kofia ni wa 47, h4. Askari anasogea, anakwama mbele ya askari mweusi wa h5, na ghafla Evans hana askari mwenye pa kwenda isipokuwa wa g3. Unaonekana kama mwendo wa mtu aliyeishiwa. Reshevsky akampa cheki kwa ngome e2, mfalme akaingia h1, halafu malkia mweusi akala askari wa g3. Kwa kula pale alimwondoa askari wa mwisho aliyeweza kusogea na kumbana mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Angemrudisha malkia g6, mchezo ulikuwa wake.

Unaona jinsi mtego ulivyopangwa? Chambo lazima kiwe mwendo ambao mpinzani angeucheza hata akiwa amefumba macho. Kula askari wa bure. Kusukuma askari anayekaribia kuwa malkia. Groningen mwaka 1946, Vasily Smyslov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1957, alikuwa na ngome na askari wawili dhidi ya Ossip Bernstein, mzee wa miaka zaidi ya 60 aliyebaki na ngome tupu. Smyslov akasukuma askari wake hadi b2, hatua moja kabla ya kugeuka malkia. Nani asingesukuma? Alikuwa ameona kwamba ngome ya Bernstein ikimla askari huyo, yeye atatoa cheki h2 na kuipata ngome iliyo nyuma ya mfalme. Bernstein akamla. Cheki ingekuja, mfalme angepanda f3, na ngome ikiliwa, mfalme mweupe hana hata mraba mmoja. Wakagawana pointi.

Mimi binafsi mtego huu umenisaidia ukumbini, siyo mtandaoni tu. Nilikuwa na kete nyeusi: mfalme h5, askari h6, malkia a7. Mwenzangu alikuwa na mfalme h2, askari f3, g3 na h4, na akamleta malkia f6, anatishia kusukuma g4 na kunimaliza. Hebu panga ubao uone. Mfalme wangu hana mraba: g4 inalindwa na f3, g5 na h4, g6 na malkia. Askari wangu wa h6 amezuiwa na mfalme wangu mwenyewe. Kete pekee inayotembea ni malkia. Basi nikampeleka a2, cheki. Akakimbilia h3. Nikamweka malkia g2, cheki, na hana hiari, lazima amle. Sare. Angekimbilia g1 au h1 ingekuwa vilevile. Uzuri ni kwamba yeye ndiye aliyenifungia milango yote kwa kutaka chekimeti ya haraka, wakati askari wake wawili wa ziada wangenimaliza taratibu bila kelele.

Umbo jingine la kuwa nalo kichwani: mfalme peke yake h8 na malkia wa mpinzani g6. Ikiwa ni zamu ya mfalme, hana pa kwenda. Ndiyo maana dhidi ya mtu asiye na uzoefu, au mwenye sekunde chache kwenye saa, unakimbilia kona badala ya kuikimbia. Na ukiwa na askari aliyebakiza hatua moja dhidi ya malkia, huku mfalme wa mwenzako yuko mbali, jua kwamba safu za a, c, f na h ni rafiki zako. Askari wako c2, mfalme b1, malkia akikupa cheki b3, usimlinde askari. Ingia a1. Akimla askari, stelimeti. Askari wa b, d, e na g hawana bahati hiyo.

Anayeshinda naye ana dawa yake, nayo inasahaulika sana: si lazima askari ageuke malkia. Glasgow, 1895, padri Mhispania Fernando Saavedra aliangalia pozisheni iliyokuwa imetangazwa kuwa sare, kwa sababu askari akigeuzwa malkia, ngome nyeusi inajitoa kwa cheki na kuliwa kwake ni stelimeti. Saavedra akasema mgeuze ngome. Ikawa ushindi. Ukicheza na mtu anayejua hilo, mtego wako una uhai mfupi.

Kuhusu yule aliyeandika kwamba kutafuta stelimeti namna hii ni uhuni: sikubaliani. Mwaka 1978 kule Baguio, Viktor Korchnoi na Anatoly Karpov walicheza mchezo wa 5 wa ubingwa wa dunia kwa miendo 124 na ukaishia kwa stelimeti. Anayedai ameshinda athibitishe. Ila kuna kiasi. Kama mpinzani ni mzoefu, ana dakika nyingi, na kete zako tatu zinatembea ovyo, kumkalisha mtu saa nzima ni kumchosha tu.

Jambo la mwisho ni la ukumbini. Mtego ukikubali, usikurupuke kunyoosha mkono. Mpinzani aliyeshtuka anaweza kudhani, au kudai, kwamba umejiuzulu. Simamisha saa, acha kete zilivyo, mwite mwamuzi, mwambie "stelimeti" na umwachie ahakiki mwenyewe kabla hujasaini karatasi.