Kwa nini madirisha ya juu ni madogo

Unauliza kama madirisha ya ofisi hiyo ya London kupungua kadiri unavyopanda ni kosa la fundi. Hapana, ndugu. Nyumba za mjini za enzi ya wafalme wa Uingereza George I hadi George IV (1714–1830) zilijengwa hivyo makusudi. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya kupokelea wageni, ndiyo maana dari iko juu na madirisha marefu; darini walilala watumishi, kidirisha kikawatosha (kwa macho ya tajiri, lakini). Siku hizi, nyumba kama hizo zikigeuzwa ofisi, sebule ile huwa chumba cha mikutano, na mhasibu ndiye anayebanwa darini. Madirisha yaliyozibwa kwa matofali nayo si yote ya kukwepa kodi ya madirisha ya 1696: mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa, ili uso wa nyumba ulingane.